Ua wa chuma kandokando ya kidimbwi cha kuogelea: Kinga ya mtoto nyumbani

Katika mji wa Kitengela na vitongoji vyake, nyumba yenye kidimbwi cha kuogelea si jambo la ajabu tena. Palipokuwa malisho ya mifugo miaka michache iliyopita, leo pamejengwa majumba yenye kuta ndefu, malango ya chuma na vidimbwi vya maji ya samawati nyuma ya nyumba. Mbali kusini katika Kaunti hiyo hiyo ya Kajiado, kwenye wadi ya Rombo iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro, maji ya nyumbani ni ya namna nyingine. Huko kuna chemchemi, mifereji ya kumwagilia nyanya, vitunguu na mahindi, na mabwawa madogo ya shambani yaliyotandikwa karatasi ya plastiki.

Sehemu hizi mbili zinatofautiana kwa mengi, lakini hatari inayomkabili mtoto ni moja. Mtoto wa miaka miwili hajui tofauti ya kidimbwi cha tajiri na bwawa la mkulima. Anachoona ni maji yanayong'aa, na miguu yake humpeleka huko mara tu mlezi anapogeuka kuepua chungu jikoni au kupokea simu.

Kulingana na ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa Disemba 2024, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka wa 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wasiozidi umri wa miaka mitano. Ripoti hiyo ilieleza pia kwamba vifo tisa kati ya kila kumi hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha wastani, Kenya ikiwa miongoni mwazo. Uzito wa suala hili ulilifanya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kupitisha azimio mnamo Aprili 2021 na kuitenga Julai 25 ya kila mwaka kuwa siku ya kuhamasisha watu kuhusu kuzuia vifo vya majini.

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Hata hivyo, ajali hii inayo kinga, na miongoni mwa hatua ambazo WHO inazipendekeza, kuweka vizuizi vya kumtenga mtoto na maji imetajwa mwanzoni kabisa.

Ukuta wa boma hautoshi

Wenye nyumba wengi hudhani kwamba ukuta wa mawe unaozunguka kiwanja umemaliza kazi. Dhana hiyo inaeleweka. Katika nchi ya Wamaasai, boma lilizungushiwa miiba ya migunga ili kumzuia simba na fisi asiwafikie mifugo usiku. Adui alikuwa nje na aliyelindwa alikuwa ndani.

Kidimbwi cha kuogelea kinaugeuza mpango huo. Adui yumo ndani ya boma pamoja na mtoto, na ukuta wa nje unawafungia wote wawili mahali pamoja. Ukuta huo unaweza kumzuia mtoto wa jirani, lakini haumsaidii mtoto wa nyumba hiyo, ambaye ndiye aliye karibu zaidi na maji.

Ndiyo sababu wataalamu husisitiza ua wa pande nne, yaani ua unaokizunguka kidimbwi chenyewe na kukitenga na nyumba, bustani na mahali watoto wanapochezea. Watafiti Diane Thompson na Frederick Rivara wa Marekani walichambua tafiti mbalimbali mwishoni mwa miaka ya 1990, wakahitimisha kwamba ua wa namna hiyo huokoa watoto zaidi kuliko ule unaozunguka kiwanja kizima. Ua wa pande tatu ambao upande wake wa nne ni ukuta wa nyumba una udhaifu ule ule, kwa kuwa mlango wa sebule ukiachwa wazi njia ya kwenda majini huwa wazi pia.

Sheria inasemaje

Nchini Kenya, ujenzi wa kidimbwi nyumbani ni ujenzi kama mwingine wowote. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kiwanja kupata idhini ya serikali ya kaunti kabla ya kuanza kujenga. Kwa wakazi wa Kitengela na Rombo, idhini hiyo hutoka kwa Serikali ya Kaunti ya Kajiado. Aidha, Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya mwaka 2024 ilianza kutumika Machi 1, 2025, na kuchukua nafasi ya kanuni zilizokuwapo tangu mwaka 1968. Ni busara ua na lango vionyeshwe katika michoro ile ile ya kidimbwi inayopelekwa kwa maafisa wa kaunti, badala ya kuachwa vije kufikiriwa baadaye pesa zitakapopatikana.

Vilevile ipo Sheria ya Dhima ya Wakaaji, Sura ya 34, ambayo humtaka mtu mwenye mamlaka juu ya mahali fulani kuchukua hadhari inayofaa ili wageni wake wasidhurike. Sheria hiyo inasema wazi kwamba mwenye mahali atarajie watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Kwa hivyo, kibao kilichoandikwa "Hatari" hakimkingi mwenye nyumba ikiwa aliyedhurika ni mtoto asiyejua kusoma.

Katika vipimo, nchi nyingi zilizotunga kanuni zinakaribiana. Afrika Kusini, katika viwango vyake vya ujenzi, inataka ua au ukuta wa kidimbwi uwe na kimo kisichopungua mita 1.2, usiwe na mwanya unaoweza kupitisha mpira wenye kipenyo cha milimita 100, na lango lake lijifunge lenyewe. Australia, iliyo na sheria kali zaidi, inatumia kimo na mwanya ule ule. Ufaransa ilipitisha sheria Januari 3, 2003 iliyowalazimisha wenye vidimbwi vya binafsi vilivyochimbwa ardhini kuweka kifaa cha usalama. Anayejenga Kajiado akifuata vipimo vya Afrika Kusini na Australia atakuwa amejikinga vya kutosha.

Vipimo vya ua ulio salama

Kimo cha ua kisipungue milimita 1,200 kutoka ardhini hadi juu, na kipimwe upande wa nje, anakosimama mtoto. Pale ardhi inapoinuka au penye ngazi, kimo kipimwe kutoka sehemu iliyo juu zaidi. Watu wengi huchagua milimita 1,500, na ziada hiyo haina hasara.

Mwanya kati ya chuma na chuma usizidi milimita 100, na mwanya kati ya ua na ardhi usizidi kiasi hicho pia. Mtoto mdogo huweza kupenyeza kiwiliwili mahali ambapo mtu mzima hadhani kichwa kingeweza kupita. Ardhi iliyo chini ya ua iwe ngumu, ya zege au ya vigae, kwa sababu mbwa na maji ya mvua huchimba udongo mtupu na kuacha pengo.

Vyuma vya wima ndivyo vinavyofaa. Vyuma vya mlalo viwe viwili tu, kimoja chini na kingine juu, na umbali kati yake usipungue milimita 900. Vikikaribiana zaidi ya hapo huwa ngazi. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, kwani mteja hupenda maua na mapambo ya chuma yaliyopindwa katikati ya ua. Kila pambo la namna hiyo ni kidato cha mguu wa mtoto. Mikuki ya juu nayo haifai kwenye ua mfupi, maana mtoto anayejaribu kuuruka anaweza kuchomwa.

Nje ya ua, eneo la milimita 900 liachwe tupu. Viti, vyungu vya maua, mitungi ya maji, kibanda cha pampu na matawi ya miti vyote vinaweza kumsaidia mtoto kupanda. Ua uliojengwa kwa vipimo sahihi huharibiwa na kiti kimoja cha plastiki kilichosahauliwa kando yake.

Hesabu ya vyuma

Mwenye nyumba anaweza kukagua hesabu ya fundi mwenyewe. Tuseme nafasi kati ya nguzo mbili ni milimita 2,000 na vyuma vya wima vina upana wa milimita 20. Vikiwekwa vyuma 17, vyenyewe vitachukua milimita 340 na kubakiza milimita 1,660. Nafasi hiyo ikigawanywa kwa mianya 18, kila mwanya utakuwa na milimita 92 hivi.

Vikiwekwa vyuma 16, kila mwanya utakaribia milimita 99. Kwenye karatasi kipimo hicho kinakubalika, lakini chuma kimoja kikipinda kidogo wakati wa kuchomelewa, mwanya wa jirani utapita kiwango. Kuondoa chuma kimoja ili kupunguza gharama ni akiba isiyo na maana. Kazi ikikamilika, kipande cha mbao chenye upana wa milimita 100 kipitishwe kwenye kila mwanya. Kikipenya, sehemu hiyo irudiwe.

Udongo mweusi na nguzo

Tatizo kubwa la Kitengela ni udongo. Sehemu kubwa ya tambarare hiyo imefunikwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hufura unaponyeshewa na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Nguzo iliyochimbiwa juu juu husukumwa mvua za Machi hadi Mei, ikaachwa bila kushikwa katika ukame unaofuata, kisha ikasukumwa tena mvua za Oktoba hadi Disemba. Baada ya misimu michache nguzo huinama.

Nguzo ikiinama hata kwa kiasi kidogo, lango hukaa upande na komeo halikutani tena na tundu lake. Lango huonekana kama limefungwa, kumbe limeegemea tu. Hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi, kwa sababu watu wazima huacha kuangalia wakidhani ua unafanya kazi.

Dawa yake ni kuondoa udongo mweusi mahali pa msingi hadi kufikia tabaka gumu lililo chini, kisha kujaza zege. Palipo na tabaka nene la udongo huo, ni afadhali nguzo zote zisimame juu ya mkanda mmoja wa zege wenye nondo unaokizunguka kidimbwi, ili ardhi inapojongea ua wote ujongee pamoja. Nguzo za lango zipewe msingi mpana kuliko nyingine, na ziunganishwe chini kwa zege ili umbali kati yake usibadilike. Sehemu ya juu ya zege kuzunguka nguzo iinamishwe kidogo ili maji yasituame na kuozesha chuma.

Nguzo za bomba la mraba la milimita 50, lenye unene usiopungua milimita 2, zinatosha kwa ua wa kawaida iwapo umbali kati yake hauzidi mita 2.4. Vichwa vya mabomba vizibwe, la sivyo maji ya mvua huingia na kutu huanza ndani mahali pasipoonekana.

Kutu na umeme

Maji ya kidimbwi yana klorini, na maji ya visima vingi vya Kitengela yana chumvi. Vyote viwili huharakisha kutu. Chuma kilichopakwa zinki hudumu zaidi kuliko chuma kitupu kilichopakwa rangi pekee. Hata hivyo, moto wa kuchomelea huunguza zinki hiyo, kwa hivyo kila kiungo kisuguliwe na kupakwa rangi yenye zinki kabla ya rangi ya mwisho. Ni bora zaidi ua uchomelewe karakanani vipande vipande, kisha upelekwe kuchovywa zinki ukiwa tayari. Fundi anayechomelea chuma chenye zinki afanye kazi mahali penye hewa ya kutosha, kwani moshi wake humletea homa na kifua.

Chuma hupitisha umeme, na kidimbwi mara nyingi kina pampu na taa. Ua ulio karibu na maji uunganishwe na mfumo wa kupeleka umeme ardhini, na nyaya zote za kidimbwi zilindwe kwa swichi inayokata umeme papo hapo panapotokea hitilafu. Kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Ua wa nyaya za umeme, unaotumiwa kwenye kuta nyingi za Kajiado kuwazuia wezi, usitumiwe kamwe kuzunguka kidimbwi.

Lango ndilo moyo wa ua

Lango lifunguke kuelekea nje, mbali na maji, ili mtoto anayelisukuma alifunge badala ya kulifungua. Bawaba zake ziwe za springi, ziwezazo kulifunga lango zenyewe kutoka mahali popote, liwe limefunguliwa wazi au limebaki upenyo wa sentimita moja. Komeo nalo lijifunge lenyewe bila kusubiri mkono wa mtu.

Mahali pa kufungulia komeo pawe na kimo cha milimita 1,500 au zaidi kutoka ardhini, mtoto mdogo asipoweza kufika. Ikiwa komeo liko upande wa ndani na chini ya kimo hicho, lifunikwe kwa bamba la chuma ili mkono wa mtoto usipenyezwe kulifikia.

Mazoea ya kuliegemeza lango kwa jiwe wageni wanapokuja kwa sherehe yakomeshwe. Wakati wa karamu ndipo watoto huwa wengi na kila mtu mzima hudhani kwamba mwingine anawatazama.

Mabwawa ya shambani Rombo

Mkulima wa Rombo huenda asiweze kujenga ua wa mabomba ya chuma kuzunguka bwawa lake, lakini kanuni ni zile zile. Wavu wa seng'enge uliofumwa ni wa bei nafuu, ila matundu yake ni makubwa kiasi cha kuingiza kidole cha mguu, na mtoto anaweza kuupanda. Kwa sababu hiyo, kanuni za Australia zinataka ua wenye matundu yanayozidi milimita 13 uwe na kimo cha milimita 1,800. Wavu ukazwe vizuri kwenye nguzo, na chini ufungwe ardhini mbuzi wasiuinue. Seng'enge ya miiba iliyopitishwa mistari mitatu au minne humzuia ng'ombe, lakini mtoto hupita katikati yake.

Bwawa la plastiki lina hatari ya ziada. Kingo zake zina mteremko mkali na huteleza, hasa zinapoota ukoo wa kijani, hivi kwamba hata mtu mzima anayejua kuogelea anaweza kushindwa kutoka. Kamba nene zenye mafundo, au ngazi iliyofungwa imara ukingoni, ziwekwe pande zote. Gharama yake ni ndogo, na huweza kumwokoa pia mzazi anayejirusha kumfuata mtoto.

Ukaguzi na uangalizi

Ua unahitaji kutunzwa. Mara moja kila mwezi, na kila baada ya msimu wa mvua, mwenye nyumba alifungue lango kwa kiasi tofauti na kuliachilia. Likishindwa kujifunga hata mara moja, lirekebishwe siku hiyo. Bawaba zitiwe mafuta, nguzo zitikiswe kuona kama zimelegea, na kutu ikwanguliwe mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Aidha, hakuna ua unaochukua nafasi ya macho ya mlezi. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono. Huzama kimya, na ubongo huanza kudhurika katika dakika chache tu za kukosa hewa. Kazi ya ua ni kumpa mlezi dakika hizo. Watoto wanaokwenda shule wafunzwe kuogelea, na kila mtu mzima wa nyumbani, yaya akiwemo, ajue kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua mtoto aliyeopolewa. Nambari za dharura nchini Kenya ni 999 na 112, na inafaa ziandikwe kwenye ua wenyewe pamoja na maelezo ya jinsi ya kufika kwenye nyumba hiyo.

Jambo la mwisho ni mpangilio wa kazi. Mara nyingi kidimbwi hujazwa maji punde kinapokamilika, huku ua ukingoja mshahara wa mwezi unaofuata. Shimo lenyewe lizungushiwe kizuizi cha muda tangu siku linapochimbwa, kwa kuwa maji ya mvua hutuama humo. Ua wa kudumu nao usimamishwe, lango lijaribiwe na kipande cha mbao kipitishwe kwenye kila mwanya kabla ya lori la kwanza la maji kuingia kiwanjani.